Mbwa tuliyeachiwa analia usiku na kutoroka mchana: tumfunge mnyororo?

Kwako Daktari,

Pokea salamu zangu kutoka Njiro, Arusha. Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu, raia wa Uholanzi ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha, alitafuta mtu wa kumwachia mbwa wake kabla hajarejea kwao. Kwa kuwa nyumba yetu ina uzio na wezi wa kuku wametusumbua tangu mwaka jana, mimi na mume wangu tuliona hiyo ni bahati. Mbwa anaitwa Bruno, ni dume aliyehasiwa, ana miaka mitano hivi, chotara wa Jamani Shepadi na mbwa wetu wa kienyeji, mwenye kifua kipana na sauti nzito. Tulimjua kuwa mtulivu. Kila tulipomtembelea mwenyewe, Bruno alikuja kutunusa kisha akarudi kulala kwenye zulia.

Kwetu amekuwa mbwa mwingine kabisa. Siku tatu za kwanza hakugusa chakula. Alijibanza nyuma ya simtanki na hakutoka mpaka giza lilipoingia. Sasa anakula, lakini kidogo, tena usiku tu watu wakiwa wameshaingia ndani. Mume wangu alimjengea banda zuri la mbao karibu na geti, ila halali humo. Hukesha akikwaruza mlango wa jikoni na kulia. Adhana ya alfajiri ikianza, naye huvuta sauti yake pamoja nayo, na jirani yetu, mzee wa heshima aliyekwisha kuhiji, ametuletea malalamiko kwa upole zaidi ya mara moja. Asubuhi nikiondoka kwenda kazini analia mpaka sauti inamkauka. Hayo naambiwa na dada anayetusaidia kazi, ambaye anamwogopa na hivyo humfungia bandani kutwa. Wiki iliyopita alichomoka geti lilipofunguliwa gari lipite. Tulimtafuta mpaka jioni, kumbe amekwenda hadi nyumba yake ya zamani kule Kijenge, na mlinzi wa pale alikuwa amempa wali na kumlaza kibarazani.

Kilichonifanya nikuandikie ni jambo la Jumapili. Mwanangu wa miaka saba alipita karibu na bakuli, Bruno akakauka ghafla, akamtazama kwa pembe ya jicho, akanguruma. Hakumgusa, lakini mume wangu alimchapa kwa fagio, na tangu hapo akimwona tu hujikojolea. Sasa mume wangu anasema tumfunge kwa mnyororo mchana na kumfungulia usiku. Shemeji yangu anashauri tumlishe nyama yenye pilipili na kumweka gizani ili awe mkali, maana kwa maoni yake mbwa huyu alidekezwa na Wazungu. Wakishindwa, watampeleka kwa ndugu yetu Monduli akachunge mbuzi. Mimi nimeshampenda, lakini nina mtoto. Nifanye nini?

Mama Neema,
Njiro

Mama Neema,

Nianzie ulipoishia, kwa kuwa pana mtoto. Kuanzia leo Bruno alishwe mahali penye mlango unaofungika, iwe stoo au kibaraza cha nyuma, na mtoto asifike hapo mpaka bakuli liwe limekwisha kuondolewa. Kisha itafute kadi ya chanjo aliyokuachia mwenye mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hurudiwa kila mwaka hapa kwetu, na ikiwa tarehe imepita, au kadi yenyewe haionekani, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii. Sisemi hivyo kwa sababu ya ule mngurumo, kwani kunguruma kwenye bakuli baada ya kuhamishwa nyumba si dalili ya kichaa. Nasema kwa sababu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na kwa sababu Bruno amezurura mjini mchana mzima bila ninyi kujua alikutana na mbwa gani. Ikitokea siku yoyote mbwa, awe wa kwenu au wa njiani, akamng'ata au kumkwaruza mtoto, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa amechanjwa. Uamuzi wa sindano ni wa daktari, si wa majirani.

Sasa mngurumo wenyewe. Umeeleza vizuri sana, pengine bila kujua, kwamba Bruno kwanza alikauka, kisha akatazama kwa pembe ya jicho, ndipo akanguruma. Hayo ni maonyo matatu yaliyofuatana, na mbwa anayeonya kwa mpangilio huo ni mbwa ambaye hataki kung'ata. Akichapwa kwa kosa la kunguruma hajifunzi kumpenda mtoto. Anajifunza kwamba kunguruma huleta fagio, na siku nyingine akibanwa ataruka onyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Wale mbwa ambao watu husema "aliuma bila sababu wala dalili" mara nyingi ni mbwa waliofundishwa kunyamaza kwa namna hiyo. Kwa hiyo mngurumo ule uuchukue kuwa taarifa uliyopewa mapema, na uifanyie kazi.

Kazi hiyo ni ya mtu mzima peke yake. Bruno akiwa anakula, pita mbali naye, umbali ambao ukipita anaendelea kula bila kukaza mwili wala kuongeza kasi ya kumeza, mrushie kipande cha ini kando ya bakuli, kisha uende zako bila kusimama. Rudia kila mlo. Baada ya siku kadhaa utaona anainua kichwa kwa matumaini ukikaribia, na hapo ndipo unapoweza kupunguza umbali hatua moja. Lengo ni aamini kwamba mtu anayekaribia bakuli huja kuongeza na si kupunguza. Wapo wanaume, na nimekutana nao wengi, wanaopenda kutia mkono ndani ya bakuli la mbwa anayekula ili kumwonyesha nani mwenye nyumba. Zoezi hilo halina faida yoyote niliyowahi kuiona, isipokuwa kumpa mbwa sababu nzuri ya kulinda bakuli lake zaidi.

Mtoto yeye afundishwe mambo machache yasiyobadilika: hamsogelei Bruno anapokula, anapotafuna kitu wala anapolala, na hamkumbatii shingoni hata kama mbwa ametulia. Afundishwe pia kumsoma. Mbwa anayelamba midomo pasipo chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayelaza masikio nyuma, anayekunja mkia chini ya tumbo au kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anaomba aachwe. Watoto wa umri huo wanajifunza haya upesi kuliko sisi, na wakishajua hugeuka kuwa walimu wa nyumba nzima. Hata hivyo wawili hao wasiachwe peke yao bila mtu mzima kwa miezi hii ya mwanzo.

Mumeo naamini alishika fagio kwa uchungu wa mzazi, wala simlaumu kwa kuogopa. Lakini hali ya mbwa kujikojolea anapomwona ni hofu tupu, na hofu hiyo haiondolewi kwa kumwita kwa nguvu wala kumgombeza kwa kuchafua sakafu. Kwa muda asimfuate kabisa. Akipita uani amdondoshee kipande cha nyama bila kumtazama usoni, na jioni akae kwenye kiti akiwa amempa ubavu, asiiname juu yake wala kunyoosha mkono kumpapasa kichwani. Siku Bruno atakapokuja mwenyewe kumnusa mkono, amkune kifuani kidogo kisha aache. Mbwa akiachiwa yeye aamue umbali, umbali hupungua haraka.

Baada ya hayo ya dharura, tutazame jambo lenyewe. Katika barua yako sioni mbwa mjeuri wala aliyeharibiwa na mapenzi. Naona mbwa aliyelala kwenye zulia miaka mitano, aliyekuwa na mtu mmoja, ratiba moja, lugha moja na harufu moja, akaamka siku moja amepoteza vyote kwa pamoja, akaonyeshwa banda karibu na geti na kutarajiwa kulinda kuku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bruno ninyi mlimkabidhi jembe siku ile ile aliyoshuka garini. Mbwa hulinda mahali anapopajua kuwa ni kwake, na huyu bado hajajua. Anapokimbilia Kijenge hatoroki kwenu, anarudi nyumbani.

Mwili wake pia umo katika mshtuko. Vipimo vilivyofanywa kwa mbwa walioingizwa katika vituo vya hifadhi ya wanyama vimeonyesha kwamba homoni ya kotisoli, ile inayopanda kiumbe anapokuwa na dhiki, huwa juu sana siku za mwanzo kisha huteremka polepole. Ndiyo maana mbwa wazima wengi hawali siku moja au mbili baada ya kuhama, hulala sana au hawalali kabisa, na huonyesha tabia ambazo si zao. Wafugaji wana kanuni ya kukadiria wanayoipenda: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuanza kuelewa utaratibu wa nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Si sheria, na mbwa aliyekwisha kuchapwa huchukua muda mrefu zaidi, lakini inakusaidia kujua kwamba mnayemhukumu leo ni mbwa wa wiki za mwanzo.

Hata hivyo usiuweke ulaji wake mdogo wote kwenye kapu la huzuni. Mbwa aliyelelewa ndani huenda alikuwa akipewa dawa ya kupe kila mwezi, na ninyi labda hamkuambiwa. Akitoka kwenye zulia kwenda uani penye majani na kuku, kupe humpata, na homa ya kupe huweza kujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, yaani kipindi hiki hiki mlichomo. Mfunue midomo utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya kuwa za waridi, au akiwa na joto kali, akilegea, akitokwa na damu puani, hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo, na vipimo vya damu vitasema mengine. Mwombe pia dawa ya minyoo. Ila naomba sana msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochanganywa kwa kukadiria kwa jicho, kwani nimeona mbwa wenye nguvu wakilala chini kwa kutetemeka kutokana na huduma hiyo ya bei nafuu.

Usiku ndio mzigo wenu mkubwa, na hapo nitakuwa mkaidi kidogo. Banda karibu na geti, hata liwe zuri namna gani, ni mahali pabaya kuliko pote kwa mbwa mgeni, kwa sababu pikipiki zote, wapita njia wote na mbwa wote wa mtaa hupita hapo, naye yuko peke yake. Kwa sasa mpeni ulimwengu mdogo. Kama nyumba yenu hairuhusu mbwa ndani, jambo ambalo naliheshimu, basi stoo iliyoshikamana na jiko inatosha, au kona ya kibaraza cha nyuma iliyozibwa upepo, mahali ambapo anasikia sauti zenu na kunusa chakula kikipikwa. Ikiwa mwenye mbwa aliacha blanketi au zulia lake, mtandikie bila kulifua. Harufu ile chafu kwenu ndiyo kitu pekee cha zamani alichobaki nacho. Mtoe ajisaidie kabla hamjalala, mfungie humo, na akilia usiku wa kwanza mtu mmoja akalale karibu naye, nyuma ya mlango, bila maneno mengi. Wengi huogopa kwamba huko ni kumdekeza. Kwa mbwa mzima aliyezoea kulala na watu, kumwacha alie mpaka achoke hakumfundishi chochote, kunamchosha yeye na kuwachosha majirani. Akishalala vizuri kwa majuma kadhaa mfululizo, tandiko lake lisogezwe hatua kwa hatua kuelekea bandani, na banda lenyewe lihamishwe kutoka getini liwe karibu na mlango wa jikoni, mlango wake ukitazama nyumba. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mbwa wa zulia hajawahi kuionja Juni na Julai yetu akiwa nje. Banda liinuliwe kutoka ardhini, liwekwe nyasi kavu za kutosha, na kama limeezekwa kwa mabati, mkumbuke kelele zake mvua kubwa inaponyesha.

Utaratibu huo utamsaidia na yule mzee jirani. Mbwa wengi huitikia sauti ndefu inayovutwa, iwe adhana, king'ora au tarumbeta, wala hakuna dharau ndani yake. Lakini mzee anayejiandaa kwa sala ana haki ya utulivu wake. Nenda ukamwone mwenyewe, umweleze kwamba mbwa ni mgeni na kwamba kuanzia sasa atalala ndani ya kuta. Mhakikishie pia jambo ambalo huenda ameona haya kulitaja, yaani kwamba Bruno hataachwa azurure akamgusa kwa pua yenye maji njiani kuelekea msikitini, maana kwake hilo ni suala la twahara na si la kupenda au kutopenda wanyama.

Kuhusu kulia asubuhi, barua yako ina jibu ndani yake. Umesema ukiondoka anabaki dada wa kazi, lakini dada anamfungia. Kumbe Bruno habaki peke yake kwa kukosa mtu. Mtu yupo, ila ni mtu anayemwogopa. Ukimgeuza dada kuwa mtu wa Bruno, nusu ya tatizo lako imekwisha, na zaidi ya nusu ya hatari ya geti. Usimlazimishe kumshika. Mpe yeye kazi ya kumlisha mlo wa asubuhi, na mwanzo aweke bakuli stooni Bruno akiwa nje, afunge mlango, kisha mbwa aingie kwa mlango mwingine au afunguliwe na wewe. Mfukoni awe na vipande vidogo vya mapafu yaliyochemshwa, na kila anapopita na ndoo au ufagio amrushie kimoja bila kusimama. Mwambie ukweli pia kwamba mbwa anayemjua atakuwa msaada kwake mchana ninyi mnapokuwa kazini. Wasichana wengi wa kazi huachiwa mbwa mkubwa bila kuelekezwa lolote, kisha hulaumiwa mbwa akitoroka, na hilo si haki.

Wewe nawe jizoeze kuondoka. Siku ya Jumamosi chukua funguo, vaa viatu, fika mlangoni, rudi ukae. Rudia mpaka mlio wa funguo usimwinue tena. Kisha toka nje ya mlango kwa kuhesabu mpaka tano, rudi. Halafu dakika moja, halafu tano, ukiongeza muda pale tu anapokuwa ametulia, na kurudi nyuma ukiona ameanza kuhema na kuzunguka. Kabla ya safari ya kweli mtembeze kwa kamba nusu saa, mwachie mfupa mbichi wa goti la ng'ombe au kitu kingine kikubwa cha kutafuna, uondoke bila kumuaga kwa huruma. Kitu hicho apewe stooni, mtoto akiwa mbali, kwa sababu ulinzi wa bakuli huhamia kwenye mfupa vilevile. Ukirejea, ingia kama kawaida, umsalimu akishakaa chini.

Geti nalo lina kanuni moja: halifunguliwi kwa gari mpaka mtu ameona Bruno amefungwa stooni au ameshikwa kamba. Mvalisheni ukanda wa shingoni wenye kibati chenye namba yenu ya simu, na kwa matembezi ya nje mkanda wa kifuani, kwa sababu mbwa mwenye hofu anajua kurudi kinyumenyume na kuuvua ule wa shingoni. Mpigieni simu mlinzi wa Kijenge. Ana moyo mzuri, lakini kila sahani ya wali anayompa inamthibitishia Bruno kwamba kule bado ni kwake. Mwombeni amfungie tu ndani ya uzio na kuwaita, bila chakula wala blanketi. Na ninyi mnapomchukua msimgombeze, la sivyo mara ijayo hatakubali kushikwa.

Mwandikie pia mwenyewe huko Uholanzi, naamini atajibu kwa furaha. Muulize alikuwa akimlisha saa ngapi, nini kilimtisha, aliwahi kuishi na watoto au la, na alitumia maneno gani. Hili la maneno watu hulipuuza. Mkisema "kaa" au "njoo" na mbwa asifanye, huenda si ukaidi. Hajawahi kusikia neno hilo. Mkishapata maneno ya zamani, tamkeni kwanza neno lenu la Kiswahili, nyamazeni kidogo, kisha semeni lile alilozoea, na akitii apewe kitu. Baada ya marudio mengi ataanza kutii kwenye neno la kwanza. Jina Bruno mwacheni nalo.

Chakula sitakirefusha. Kama alikuwa akila chakula kikavu cha dukani, msimbadilishie ghafla kwenda ugali, mtamharisha. Changanyeni kidogo kidogo kwa wiki nzima mkiongeza cha nyumbani kila siku. Ugali wa dona wenye dagaa waliooshwa mchanga vizuri, au mapafu na maini kidogo, unamfaa mbwa mkubwa, ugawanywe asubuhi na jioni kwa saa zisizobadilika. Akikataa, bakuli liondolewe baada ya nusu saa bila kubembeleza. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu asipewe, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa ikae mbali naye kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Shemeji yako mwambie kwa heshima kwamba pilipili huunguza mdomo na tumbo, haiongezi ujasiri. Kuhusu giza, mbwa aliyefungiwa humo hutoka akiwa haoni vizuri nani ni nani, naye humrukia wa kwanza kusogea, ambaye nyumbani kwenu atakuwa mtoto, dada au mpeleka maziwa. Mnyororo una kasoro ya namna hiyo hiyo. Mbwa aliyefungwa anajua hawezi kukimbia, hivyo kila anayekaribia humlazimu kupigana. Na Bruno, ambaye tatizo lake ni kwamba hajajisikia salama, atakuwa amepewa sababu ya kudumu. Kama kuna saa za lazima kumzuia, kwa mfano mnapopokea wageni wengi, stoo yenye mlango inatosha.

Ulinzi mnaoutaka utakuja, na huenda usihitaji kufundishwa. Mbwa mwenye damu ya Jamani Shepadi akishatambua mipaka ya kiwanja chake kwa kawaida huanza kubweka mwenyewe mtu asiyemjua anapogusa uzio, na hilo hutokea sana mwezi wa pili au wa tatu. Siku atakapobweka hivyo kwa mara ya kwanza, mumeo atoke, atazame, amwambie vizuri kwa sauti ya kawaida, arudi ndani. Kuhasiwa hakumpunguzii uwezo huo. Kwa wezi wa kuku, taa nzuri uani na banda la kuku lenye komeo vitawasaidia tangu leo, wakati Bruno bado anajitafuta.

Monduli nakukatalia. Mbwa wa mifugo hukulia zizini tangu akiwa mtoto, akiwanusa mbuzi na kulala nao. Mzima wa miaka mitano ambaye hajawahi kumwona mbuzi anaweza kumkimbiza mmoja kwa mchezo na kumuua, na wafugaji hawana subira na mbwa wa namna hiyo. Kama mtafika mahali mkaona kweli hamwezi, labda meno yamemgusa mtoto, au hofu inazidi badala ya kupungua ingawa mmefuata haya yote na daktari amemwona hana ugonjwa, basi mwambieni yule mwenye mbwa, na pamoja naye mtafute familia isiyo na watoto wadogo ambayo humlaza mbwa ndani. Lakini mpaka sasa Bruno hajapata hata wiki moja ya kulala vizuri, kwa hiyo uamuzi huo msiufanye mwezi huu.